Sahani ya Watu Iko Kwetu

Kilosa, usiku wa kuamkia safari

Mwanangu Loisi,

Umelala. Nimekuja kukutazama mara mbili, na mara ya pili ulifumbua macho ukanitazama bila kuniona, ukageukia ukutani. Sanduku lako nimelifungua na kulifunga mpaka komeo limeanza kulegea, kwa hiyo nimeamua kukaa mezani, mikono yangu ishike kalamu badala ya kufuli.

Sitakuandikia habari za sabuni wala soksi, wala namna ya kuwajibu walimu. Mwalimu Mwanahawa alikwambia hayo yote mchana, tena kwa sauti ya darasani, nikakuona unaitikia "ndiyo Mwalimu" huku macho yako yako barabarani. Nakuandikia kwa sababu treni itakayokuchukua wewe kesho imepangiwa kuchukua pia magunia ya mahindi yaliyo katika bohari ya stesheni. Magunia yale yakiondoka, kuna watu hawatapanda masika haya. Yasipoondoka, huenda Jumatatu mama yako asiwe na kazi. Watoto wa Kilosa mnaokwenda shule za Dar es Salaam si wachache, na maneno husafiri nanyi. Nataka jambo hili ulisikie kwangu kwanza.

Mafuriko huyakumbuki. Ulikuwa mgongoni. Mto Mkondoa uliingia mjini alfajiri, na tulipotoka maji yalikuwa yamefika kiunoni. Nyumba yetu ya kwanza, ile ya udongo, ililainika kama ugali uliozidi maji, ikakaa chini taratibu huku tunaitazama. Tulihamia darasani, tukalala juu ya madawati pamoja na kuku wa watu. Baada ya muda yakaletwa marobota ya nguo kutoka ng'ambo. Tuliambiwa tu kwamba kuna watu wachache huko, wenye kikundi chao kidogo cha kusaidia watoto na wazazi wa nchi za mbali. Majina yao hatukupewa.

Wewe ulipata koti la sufu la kijani, zito, lenye vifungo vya mti. Koti la kuvaliwa kwenye barafu, hapa Kilosa. Nilicheka mpaka nikalia. Lakini ulilala juu yake miezi mingi, likawa godoro lako, baadaye likawa mto, na mwisho vipande vyake vikawa vya kushikia sufuria. Kifungo kimoja bado kimo kwenye kopo la sindano. Sijui kwa nini sikukitupa.

Mwaka jana, siku ile redio ilipotangaza kimbunga, ulikuwepo jikoni unachambua mchicha. Walisema kisiwa kizima kimepigwa, huko mbali baharini, paa zimeng'oka, watoto na mama zao wanalala nje. Mwalimu Mwanahawa alikuwa amekuja kuazima kinu. Alikaa juu ya kile kinu alichokuja kukiazima, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Eunike, sahani ya watu iko kwetu."

Hakuhitaji kunieleza. Hata wewe unajua: jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Utatia chochote, hata kitunguu kimoja, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Mama yangu, bibi yako uliyepewa jina lake, aliwahi kukaa na bakuli la jirani kule milimani Berega tangu kiangazi mpaka mvua zikaanza. Alikuwa anazunguka nyuma ya mashamba ili asipite mbele ya nyumba ya mwenye bakuli, kwa kuwa hakuwa na cha kutia ndani. Nilimwona siku alipolirudisha. Alitia maboga mawili machanga, akarudi anatembea katikati ya njia.

Nilimwambia Mwalimu kwamba hawa waliopigwa na kimbunga si wale waliotuletea marobota. Mimi huwa napenda mambo yakae sawasawa. Akanijibu, "Ng'ambo ni ng'ambo. Watapelekeana wenyewe."

Basi kikundi chetu kikaanzia hapo, juu ya kinu. Wanawake walikuja uani kwetu Jumamosi baada ya soko, Waislamu na Wakristo, wengine walioyaona mafuriko na wengine waliohamia baadaye. Walisuka mikeka. Walishona magauni ya watoto kwa vipande vya kanga. Unakumbuka ule ubishi kama watu wa kisiwani wanajua mkeka ni nini, na yule mama aliyesema kama hawaujui watajifunika. Sijawahi kufurahi kama Jumamosi zile. Tulikuwa tunatoa kidogo na tunacheka sana, na hakuna aliyeulizwa mbona mwenzako ameleta na wewe hukuleta.

Kilichoharibu ni woga wangu. Nataka nikueleze woga huo kwa sababu unao pia. Nimekuona unavyorudi kukagua mlango uliokwisha kuufunga.

Jioni moja jirani yetu wa upande wa kisima aliuliza, kwa wema tu, "Mama Loisi, hapo uani mnakutana kuna nini?" Nikamjibu, akasema vizuri, akaenda zake. Usiku ule sikulala. Mimi nafanya kazi bomani. Barua zinazohusu vikundi na vyama na nani amemruhusu nani hupita mikononi mwangu kila wiki. Nikaona jina langu ndani ya barua ya namna hiyo. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Ndugu Mkude, mkuu wangu wa kazi, nikamweleza yote, nikamwomba ruhusa.

Ndugu Mkude si mtu mbaya, na hilo naomba ulishike mpaka mwisho wa barua hii. Alifurahi kwa dhati. Akasema hili ni jambo la kuigwa, lisiishie uani. Akawaeleza wakubwa wake, nao wakafurahi. Kila aliyefurahi aliongeza kitu. Kikundi kikapata jina refu. Ndugu Mkude akawa mwenyekiti na mimi katibu. Tukapewa siku ya kwenda vijijini, tukapewa na Landrova. Nilipomsimulia Mwalimu Mwanahawa aliniuliza kama ile ni sahani bado au imekuwa sinia la harusi. Nilikasirika. Nilimwambia angalau sasa hakuna atakayetugusa.

Niliomba ruhusa mpaka kikundi chetu kikageuka amri, Loisi, na mimi niliyeomba sikusikia kilipogeuka.

Tulianzia na kuishia kwenye kile kijiji kipya kilicho njia ya Mikumi, ambapo nyumba zimepangwa mistari na miti ya kivuli bado ni mifupi kuliko watoto. Watu wale walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao muda si mrefu, na gari lililokuja kuwaambia wahame lilifanana na letu. Sikuliwaza hilo. Niliwaza kama nimevaa viatu vinavyofaa. Ndugu Mkude alisema maneno mazuri juu ya watoto wa ng'ambo, hata mimi machozi yalinilengalenga. Kisha akasema mchango huu ni wa hiari, na kwamba kila nyumba italeta. Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa naandika, na kalamu yangu haikusita.

Watu walipiga makofi. Mabalozi wa nyumba kumi kumi wakapita mlango kwa mlango, na kabla jua halijageuka mahindi yakaanza kumiminwa katika magunia. Nilitia mkono katika gunia mojawapo ili nione kama ni makavu. Punje zilikuwa kubwa, zinalingana, hazina hata moja iliyotobolewa na mdudu. Zilinukia moshi.

Nilifumba macho. Harufu ile ilinirudisha jikoni kwa mama yangu, Berega, chini ya dari nyeusi yenye mahindi yaliyoning'inizwa juu ya mafiga. Alikuwa anachagua mahindi yaliyo bora kuliko yote siku ya kuvuna, anayatundika hapo moshi uyalinde mpaka msimu wa kupanda. Mwaka mmoja wa njaa sisi watoto tulikaa chini yake tukayatazama, tukamlilia ateremshe hata mawili. Alisema, "Hicho si chakula," akatoka nje, na tukamsikia analia huko. Yote hayo yalinijia pale mkono wangu ukiwa ndani ya gunia. Niliona raha. Niliona kama mama yangu amenishika bega. Kisha nikafumbua macho, nikaandika: mahindi, makavu, safi.

Mtoto wa mkulima, nimesomeshwa mpaka nikajua kuandika "makavu, safi" kwa mwandiko wa kupendeza, na mbegu za watu ziko kiganjani mwangu.

Utaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba ni mbegu. Ni Bi Zuhura, yule mama wa kijiji kile anayekuja kuuza ndizi sokoni. Nilikuwa nachagua mkungu, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na meza nzima, "Karani, leo kwa miguu? Gari limekwenda kuchangisha wapi?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni utani wa kawaida. Akaendelea. Akasimulia jinsi siku ile mume wake alivyosikia mngurumo wa gari akaficha godoro lao kwenye majani nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakujua safari hii tumekuja kuchukua nini. Godoro likaliwa na mchwa kona moja. Walicheka mpaka wengine wakajifuta macho. Kisha akasema, anapanga ndizi zake, hata hanitazami, "Haya, hao watoto wa ng'ambo wakishavuna mbegu zetu, uwaambie watuletee kidogo. Sisi tutakuwa hatuna."

Nikamuuliza, "Mbegu?"

"Ulifikiri tuna kingine? Ya kula yalikuwa yamekwisha."

"Kwa nini hamkusema, Bi Zuhura?"

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa kama namtania. "Tungemwambia nani, dada? Wewe uliyeshuka garini?"

Nilirudi nyumbani bila ndizi. Jioni ile uliniuliza mbona maharage nimeyatia chumvi mara mbili, nikakugombeza.

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake nilikwenda kulirekebisha jambo. Sikwenda. Nilikaa nalo wiki baada ya wiki, na wewe uliona, maana uliniuliza kama ninaumwa. Nilijitafutia maneno. Labda Bi Zuhura ametia chumvi. Labda watapewa mbegu nyingine kutoka ofisi ya kilimo. Na kwamba watoto wa kisiwa kile wana njaa ya kweli, si ya kubuni, na tumbo la mtoto halijui mahindi yametolewaje. Neno hilo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli. Bado ni kweli usiku huu ninapoandika. Mtoto mmoja huko ataukosa uji wa mahindi yale, na mimi ndiye nitakayemkosesha. Lakini kila nilipojiambia hivyo, nilimwona mama yangu anatoka nje kwenda kulia, na sasa kuna mtu anaingia ndani, anayateremsha mahindi yake darini, anaondoka nayo, tena anamwambia asante kwa hiari yako.

Nimesimama kidogo kuangalia kama mvua imeanza. Haijaanza. Ni majani ya mgomba tu.

Juzi magunia yalipohamishwa kutoka bomani kwenda stesheni, niliingia kwa Ndugu Mkude. Nilishika ukingo wa meza yake. Nilimwambia mahindi ya kijiji kile ni mbegu, na kwamba watu walitoa kwa kuogopa.

"Ndugu Eunike," alisema, "walipiga makofi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa unataka niwaandikie wakubwa kwamba walipiga makofi kwa woga?"

Nilimjibu kwamba sijui yeye ataandika nini, ila kosa ni langu, mimi ndiye niliyelitoa jambo hili uani, na kwamba mbegu zirudi kabla ya mvua. Aligeuka akatazama nje. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani yeye hana wa kumwogopa. Miaka yote nimemwogopa mtu yule, na kumbe tulikuwa tumepanga foleni moja, kila mmoja anaogopa mgongo wa aliye mbele yake. Akachukua kofia yake. Alisema anakwenda Morogoro kwa kazi, hatatia sahihi ya kuyazuia magunia wala ya kuyapeleka, na Jumatatu akirudi atakuta nilichokifanya. Mlangoni akageuka akaniambia, "Na utakapoulizwa, mimi sikuwepo."

Jana nilikwenda stesheni. Mkuu wa stesheni alinieleza bila kunizungusha. Karatasi inasema pakia, na aliyeitia sahihi ni mimi. Ninaweza kuyazuia, lakini lazima niwepo pale pale wakati wa kupakia, nisimame na mzigo wangu. "Mimi nitakuwa huku mbele na abiria," alisema. "Vijana wangu wakikuta mzigo hauna mtu, wanapakia."

Baba yako atakuja na lori la watengeneza barabara kutoka Mikumi kuchukua saruji, na akirudi atapita na magunia mpaka kijijini. Ameniletea ujumbe kwa dereva mwenzake: mwambieni mke wangu mwoga kwamba nimesikia sasa anasimamisha treni, nakuja kuona. Lakini hawezi kufika kabla ya treni yako. Bi Zuhura naye nilimpelekea habari. Sikutegemea asante, na sikuipata. Alisema magari yenu tumeyaona yakija kuchukua, kurudisha hatujaliona hata moja, tutaamini tukiyashika mahindi.

Kwa hiyo kitakachokwenda ng'ambo kesho ni lile furushi la uani tu, mikeka na magauni, lililofungwa kwa kamba ya katani. Litakwenda kwenye behewa lako. Dada yake Mwalimu atalipokea Dar es Salaam na kulifikisha bandarini. Ni kitu kidogo, kinatia haya. Ni kile kitunguu kwenye sahani. Nimelishonea ndani, kwenye gauni dogo kuliko yote, kile kifungo cha mti cha koti lako. Hakuna atakayejua kimetoka wapi. Najua mimi, na sasa na wewe.

Mwalimu anasema tukishamaliza haya tutaanza tena Jumamosi, bila gari. Nimemwambia nitakuja kama nitakuwa na uso wa kujia. Akasema uso nitakuja nao huo huo, ndio waliokwisha kuuzoea.

Loisi, huko unakokwenda utapewa vyeo vidogo vidogo. Utakuwa kiongozi wa bweni, utashika daftari la darasa, na siku moja utashuka garini mbele ya watu. Nami siwezi kukuambia usiogope, nitakuwa nakudanganya, maana mimi mwenyewe bado naogopa. Ila nimejifunza jambo moja, na limenigharimu, na bado sijui bei yake yote. Mtu anapokupa kitu, mtazame kwanza kama angeweza kukunyima. Kama hangeweza, hajakupa. Mimi nilitazama punje, nilitazama viatu vyangu, nilitazama kalamu. Hakuna uso hata mmoja wa siku ile ninaoukumbuka, na watu walikuwa wamejaa uwanja mzima.

Ukisikia kwamba sina kazi, usiache shule na usimwandikie mtu yeyote kumwomba lolote kwa ajili yangu. Nilijua kulima kabla sijajua kupiga taipu. Ukisikia kwamba nimebaki na kazi, usidhani ni kwa sababu nilikuwa shujaa. Itakuwa ni kwamba watu wengine walioogopa waliamua kunyamaza, na safari hii kunyamaza kwao kukawa kwema.

Jogoo wa jirani amewika, lakini yule hana saa. Nimekwenda tena kukutazama. Umelala na mkono nje ya shuka, kama ulivyokuwa unalala juu ya lile koti.

Sasa nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua. Kesho usinitafute dirishani. Mwalimu Mwanahawa ndiye atakayekupandisha, ndiye atakayekukabidhi barua hii ukiamka, na atalia kuliko mimi, mvumilie. Behewa la mizigo linafungwa nyuma, na bohari iko upande wa pili, kule kusiko na watu wa kuaga. Nikiondoka pale hata kwa muda wa kukushika mkono, vijana watakuta mzigo hauna mtu. Kwa hiyo usikae upande wa jukwaa wenzako wanakopungiwa. Vuka ukae upande wa bohari. Treni ikianza kutembea utaona mwanamke amekaa juu ya magunia, amepakata mkoba wake wa ofisini, na mguu wake mmoja unatikisika. Unaujua mguu huo.

Nipungie. Nitakuwa nakutazama wewe tu, mwanangu, lakini sitashuka.

Mimi mama yako,
Eunike